Taya la Rubani

Leibnitz, 2 Septemba

Jirani Vinko,

Usiniambie hujaiona. Hata kasisi wetu ameiona, na simu yake bado ni ile ya kubonyeza vitufe. Leonie, yule mwanafunzi wa uzamivu anayenifundisha mashine, aliiweka video mtandaoni Ijumaa jioni, na kufika Jumapili ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko Waustria wote tulio hai. "Mwanamke aliyepooza aendesha gari kwa mawazo." Ndiye mimi huyo! Nimekaa kwenye kiti changu cha magurudumu, kichwani nimevaa kofia ya vihisi na nyaya, mikono imelala mapajani kama mikate, na kwenye skrini kigari chekundu kinakata kona kulia na kushoto.

Watu wa mtandaoni hawana dogo. Mmoja kaandika kwamba mimi ni mwanasesere. Mwingine eti nimemuuzia shetani ubongo. Na kijana mmoja niliyemfelisha mtihani wa udereva mara tatu kaandika: "Huyo mama namjua, hata gari la mawazo lazima analifokea." Nilicheka mpaka Leonie akadhani nimepaliwa.

Wewe, jirani yangu wa ng'ambo ya mpaka, ulinikuta hospitalini Graz, ulipokuja kupimwa, mimi ndiyo kwanza nimeanguka kwenye ngazi ya kuchumia cheri, namtukana kila anayenigusa kwa sababu kuanzia shingoni kushuka chini sikuhisi kitu. Nimefundisha udereva miaka ishirini, nikajua basi, usukani na mimi tumeagana. Sasa nawaza mkono wangu wa kushoto unafinya mpira, gari linakata kushoto. Nawaza wa kulia, linakata kulia. Mashine inayaokota mawazo juu ya fuvu kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani ukutani.

Mwisho wa Oktoba tunakwenda Vienna kushindana na timu za vyuo vingine. Sisi wavaa kofia wanatuita marubani. Profesa wa Leonie anasema Vienna ikipita, kofia zitaanza kupelekwa majumbani kwa wagonjwa, na Leonie kaniapia kwamba wa kwanza ni wewe. Roho haitulii, Jirani. Nalishwa supu huku nakata kona.

Samahani kwa domo. Mimi nasema, kompyuta inaandika, na mdomo ndio kiungo pekee kilichobaki kunitii.

Rubani wako,
Roswitha


Maribor, 5 Septemba

Bi Rubani,

Nimeiona. Zlatka aliirudia mpaka nikafumba macho. Kufumba macho ndiyo njia yangu ya kumwambia mke wangu basi.

Mimi naandika kwa macho, herufi moja moja, kwa hiyo sipambi. Zamani nilitangaza mpira redioni dakika tisini bila kumeza mate. Barua hii imenichukua tangu juzi.

Daktari anataka jibu. Pumzi inapungua. Ama nitobolewe shingo, liwekwe bomba na mashine inipumulie, ama nikatae, na masika hayatanikuta. Bomba litanipa miaka. Lakini macho nayo yanachoka. Ugonjwa huu unazima msuli mmoja baada ya mwingine, na macho yako kwenye foleni. Yakizima nitakuwa mzima ndani ya gunia lililoshonwa. Nitawashwa pua na sitaweza kumwambia mtu.

Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Kofia yako ikifanya kazi, nasema ndiyo. Isipofanya, nasema hapana. Zlatka anajua na analia jikoni akidhani sisikii.

Niambie wewe. Maprofesa siwaamini. Namwamini mwalimu aliyemfelisha mtoto wa meya.

Vinko


Leibnitz, 12 Septemba

Jirani,

Umeniweka pabaya, lakini sikimbii. Nimekaa na swali lako wiki nzima, nikamhoji Leonie kama polisi.

"Mashine inakosea?" nikamuuliza.

"Inakosea, mama. Katika kona kumi inakosea moja."

"Wanafunzi wangu walikosea nne, na leseni wakapewa."

"Basi wewe ni bora kuliko wanafunzi wako," akasema, akacheka, akanifuta kidevu.

Kwa hiyo nakujibu: inafanya kazi. Nakuapia kwa kaburi la mama. Naiona kila siku. Nawaza, gari linakwenda. Kama mimi mwenye kichwa kigumu nimeweza, wewe mwenye akili utaweza kabla ya chai kupoa. Mwambie daktari ndiyo, na mwambie Zlatka aache kulia jikoni, ataharibu mchuzi.

Kinachonisumbua ni jino tu la nyuma, upande wa kulia. Wiki ijayo wananipeleka kwa Daktari Ulz. Ukipooza mwili mzima ndipo unapojua jino moja linavyoweza kujifanya mwili.

Roswitha


Leibnitz, 27 Septemba

Leonie mwanangu,

Barua hii isome peke yako, Profesa asiwe nyuma ya bega lako.

Jumanne nilipelekwa kwa daktari wa meno. Aliangalia, akaangalia tena, akaita msaidizi wake naye aje aone.

"Mama, wewe unasaga mawe?"

"Nisage nini, mimi hata mkate nalishwa."

"Magego yako yamelika pande zote mbili. La kulia lina ufa. Na hili si jambo la miaka, ni la miezi. Kuna kitu unakifanya kila siku huku umekaza taya. Kitu gani?"

Leonie, nilikuwa nimeachama. Mdomo ulikuwa umejaa vyuma vyake. Lakini moyo ulishuka hadi miguuni, pale ambapo mimi huwa sihisi kitu.

Nyumbani nikamwambia mlezi anivalishe ile kofia ya mazoezi. Nikaachama, ulimi nje, mate yananitiririka, nikawaza mkono wa kulia kwa nguvu zote nilizonazo. Gari likasimama kama punda. Kisha nikafumba mdomo, nikawaza supu ya maboga, sikuwaza mkono hata kidogo, nikakaza taya upande wa kulia. Gari likakata kulia. Nikakaza kushoto, likakata kushoto. Nimeendesha mzunguko mzima kwa supu ya maboga.

Miezi yote hii kofia haikusoma ubongo wangu. Imesoma taya langu. Nami sikujua kwamba nalikaza, nakula yamini sikujua. Nilidhani ndivyo kuwaza kwa bidii kulivyo.

Mimi taya ninalo. Vinko hana, lake ugonjwa umeshalizima. Hilo ndilo linalonifanya nitamani kuinuka kwenye hiki kiti nikimbie. Niambie la kufanya, na uniambie upesi.

Roswitha


Graz, 28 Septemba

Mama Roswitha mpendwa,

Nimesoma barua yako chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee maabara yetu ina mlango unaofungika. Nimelia humo humo.

Siku ya kwanza kabisa ya masomo yetu tunaonywa: ubongo unanong'ona, taya linapiga kelele. Msuli mmoja wa shavu unaifunika sauti ya ubongo mzima. Ndiyo maana kila programu huwekewa chujio la kuondoa misuli. Letu nalo lilikuwepo. Mwezi Machi nililizima, kwa siku moja tu, nijaribu jambo lingine. Siku hiyo ukaanza kushinda. Matokeo yalipanda kama moto, Profesa akanunua keki, na mimi sikuliwasha tena. Nilijiambia kwamba mtu aliyepooza hana misuli ya kutusumbua. Nilisahau kwamba wewe umepooza kuanzia shingoni, na taya liko juu ya shingo. Mtoto wa shule asingesahau.

Profesa nimemwambia nusu. Amesema, "Usiguse kitu chochote kabla ya Vienna. Wafadhili wanakuja. Baada ya hapo tutapima kwa utaratibu." Nikamwambia kuna mtu Maribor anayesubiri. Akasema, "Atasubiri mwezi mmoja, hatakufa."

Nakuomba, mama, usimwambie Bwana Vinko bado. Huenda ukiondoa taya bado kuna kitu kidogo cha ubongo kwenye vipimo. Tukimwambia leo hakuna kitu, kisha kikawepo, tutakuwa tumemuua bure. Vienna ikipita nitamwandikia mwenyewe, nabeba lawama zote.

Ninaogopa sana.

Leonie


Maribor, 10 Oktoba

Bi Rubani,

Mbona kimya? Kichwa kimevimba, kofia haikutoshi?

Juzi nilipaliwa na mate yangu mwenyewe. Zlatka alinigeuza kifudifudi. Daktari anataka jibu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, siku ya kuonja mvinyo mpya, maana baada ya hapo, anasema, jibu litatoka lenyewe.

Ulisema inafanya kazi. Uliapa. Sasa nakuuliza mara ya pili kwa sababu mtu hulipa nauli akishaona basi. Inafanya kazi? Jibu kwa neno moja.

Vinko


Leibnitz, 14 Oktoba

Jirani mpenzi,

Sijavimba kichwa. Huku ni pirikapirika tupu. Maboga yamekwisha mashambani, barabarani kila baada ya nyumba tatu wanachoma njugu za msimu na kuuza mvinyo mpya ambao bado unachemka kwenye chupa, na mlezi wangu kaninywesha kwa mrija mpaka nikaimba. Mazoezi ni kila siku. Jino limezibwa.

Unataka neno moja, nami sina neno moja. Mashine hizi zina mambo yake. Leo hivi, kesho vile. Nakuomba jambo: usikate kauli kabla ya Vienna. Ni siku chache tu. Vienna ikipita nitakueleza kila kitu, kwa kirefu, utanichoka.

Kula vizuri. Nisamehe, najua huli. Nimechoka, nasema ovyo.

Roswitha


Maribor, 29 Oktoba

Rubani wa tatu kati ya timu zote!

Tumetazama moja kwa moja. Zlatka alishikilia kompyuta mbele ya uso wangu mpaka mikono ikachoka. Ile kona ya mwisho! Nimeitangaza kimoyomoyo, kwa sauti yangu ya zamani, jina lako nikalivuta mpaka pumzi ikaisha.

Sasa nimeelewa kwa nini ulinizungusha. Hukutaka kujisifu kabla ya mechi. Nami nikakutukana. Nisamehe.

Nimesema ndiyo. Wanatoboa tarehe 12 Novemba, kesho yake baada ya Martin, ili nionje mvinyo kwanza. Zlatka ameimba jikoni. Miaka miwili sijamsikia akiimba.

Macho yanawaka. Naishia hapa.

Vinko


Leibnitz, 2 Novemba

Vinko,

Soma hii kabla hujafanya lolote. Zlatka, kama macho yake yamechoka, msomee wewe, yote, usiruke mstari.

Haifanyi kazi. Hilo ndilo neno moja uliloniomba, nami nilikuwa nalo tangu Septemba.

Gari siliendeshi kwa mawazo. Naliendesha kwa meno. Kofia inasoma msuli wa taya, na mimi nilipokuapia kwa kaburi la mama sikujua. Wiki mbili baadaye nilijua. Ulipouliza mara ya pili nilijua, nikakupigia hadithi za maboga. Vienna nilijua. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele jina langu, nami nauma, nauma, na gego lililozibwa likapasuka upya kwenye kona ile uliyoitangaza. Damu ilijaa mdomoni nikaimeza nikitabasamu mbele ya kamera.

Sikunyamaza kwa ajili ya Profesa wala nishani. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa utasema hapana ufe, na nitakuwa mimi niliyekuua kwa mdomo wangu. Niliona nitakavyokukosa. Ni woga, Vinko, nao niliupaka sukari nikauita huruma.

Sasa umesema ndiyo juu ya meno yangu. Mpigie daktari. Kama bado unataka bomba, litake kwa sababu nyingine: kwa ajili ya Zlatka, kwa ajili ya mpira, kwa ukaidi tu. Lakini usilitake kwa sababu ya kofia hii. Kwako haitasoma kitu. Wewe huna cha kuuma.

Nitakaa karibu na kompyuta. Nitukane.

Roswitha


Leibnitz, 7 Novemba

Vinko, umeipata barua yangu? Niandikie herufi moja tu. Hata tusi ni herufi.

Roswitha


Leibnitz, 10 Novemba

Zlatka, simu haipokelewi. Nimewapigia majirani zenu, wanasema mnaendelea vizuri na taa zinawaka. Nakuomba. Ni keshokutwa.

Roswitha


Maribor, 15 Novemba

Bi Roswitha,

Wameshamtoboa. Limekwenda salama. Anapumua vizuri kuliko mwaka wote huu, mashavu yamepata rangi.

Barua yako niliisoma mimi. Macho yake sasa yanafika mistari miwili tu, kinachobaki namsomea. Hiyo sikumsomea. Siku ile nilimsomea matokeo ya mpira badala yake, nikayasoma vizuri, akafurahi. Siku ya Martin nilimlowesha midomo kwa mvinyo. Alinitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu alipougua. Kesho yake wakamchukua.

Usinihukumu. Wewe hujui kulala kando ya mtu ukiihesabu pumzi yake, ukingoja inayofuata. Nilimtaka hai. Akitaka kunichukia, anichukie akiwa hai. Uliapa, akasema ndiyo, na mimi ndiyo yake nikaidaka kwa mikono miwili.

Wewe ulinyamaza zaidi ya mwezi. Niache na mimi ninyamaze. Usimwandikie tena jambo hili.

Zlatka


Leibnitz, 18 Novemba

Zlatka dada yangu,

Sikuhukumu, ningeanzia wapi? Wewe na mimi tumefanya jambo moja, tukapishana wiki tu. Kila mmoja wetu alimpenda, na kila mmoja akamwamulia.

Nikueleze yaliyotokea huku. Leonie alimleta Daktari Ulz maabara na sindano yake. Nikadungwa ganzi pande zote mbili, zaidi ya mtu anayeng'olewa jino.

"Unahisi nini, mama?" daktari akauliza.

"Nahisi kama nimemeza mto wa kulalia," nikasema, ila nilichotamka hata mlevi asingekielewa.

Wakaniwashia gari. Niliwaza mikono yangu yote miwili, niliwaza usukani, miaka yangu ishirini yote niliiweka kwenye ile skrini. Kigari kikaenda ukutani, kikabaki pale kinasukuma ukuta. Leonie akazima. Profesa akauliza, "Nani mwingine anajua?" Leonie akamjibu, "Kuanzia kesho, kila mtu." Sikujua binti huyo ana sauti hiyo. Siku iliyofuata kaandika mtandaoni kila kitu, na jina lake chini, na nafasi ya tatu tumeirudisha. Wafadhili wameondoka. Wale waliokuwa wananiita muujiza sasa wananiita tapeli, na wanaandika kwa bidii ile ile.

Kwa hiyo Vinko ataisikia. Kama si kutoka kwako ni kutoka kwa muuguzi mwenye simu. Msomee. Ana pumzi, ana mke, ana miaka. Kitu kimoja hana: hajui alikubali nini.

Roswitha


Maribor, 9 Desemba

Dada Roswitha,

Nimemsomea. Nilianza na barua yako, nikamaliza na yangu, maana ilibidi nami nimwandikie. Kumwambia usoni kulinishinda.

Akafumba macho. Akayafumba siku tatu. Akija muuguzi anayafumbua, nikija mimi anayafumba. Nilimpaka mafuta, nikambadilisha upande, nikamwambia, "Basi nitukane." Ile mashine yake inavuta na kutoa, inavuta na kutoa. Nilitamani kuing'oa kwa jinsi ilivyokuwa inanisema.

Siku ya nne asubuhi nikamkuta anatazama ubao wa herufi, ule wa kioo, kompyuta ya macho imeshamshinda. Nilidhani anataka talaka. Nikaushika katikati yetu, nikafuata macho yake. Akaandika: LETE BINTI.

Nikamwuliza binti gani. Akaandika: WA MASHINE.

Nikasema, "Vinko, haisomi ubongo, umesikia mwenyewe, inasoma taya." Akanitazama kama alivyokuwa anawatazama waamuzi wajinga. Ikamchukua asubuhi yote. SINA TAYA. IKISOMA KITU KWANGU NI UBONGO.

Nimempigia Leonie. Alilia kwenye simu, kisha akauliza saa za treni. Sasa anakuja kila Jumamosi.

Nilimwuliza Vinko, "Na Roswitha nimwambie nini?" Akafumba macho.

Zlatka


Leibnitz, 11 Desemba

Zlatka,

Ninastahili. Asante kwa kunieleza.

Mwambie Leonie aweke kihisi kwenye kila msuli wa uso wa huyo mtu, hata ule uliokufa. Nami nitakaa huku, sitaki kujua, niandikie kila kitu.

Roswitha


Maribor, 21 Februari

Dada Roswitha,

Macho yamezima mwezi uliopita. Hayakuzima kwa siku moja, yalikawia, kama mgeni asiyejua kuaga. Sasa nikimfumbua kope nakutana na macho mazuri yasiyokwenda popote. Ubao nimeufunika kitambaa.

Leonie hakukosa Jumamosi hata moja, hata ile ya theluji treni iliposimama mpakani. Anamjaza vihisi shavuni, kwenye kope, shingoni, kidevuni. Nilimwuliza, vyote hivyo vya nini, msuli hata mmoja hauchezi? Akasema, "Mama, hata nzi akitua shavuni kwake nataka kumjua." Wiki baada ya wiki hakuna kitu. Anakuja na keki ya mama yake, anafunga nyaya, anakaa, anatikisa kichwa, anarudi Graz. Chujio hazimi. Nilimwona mara moja kidole kimekaribia kitufe, akakirudisha mfukoni.

Kisha kitu kikaanza. Akiwaza wimbo ni ndiyo, akiwaza mkono ni hapana. Leonie hataki maswali yatungwe na yeye wala mimi, anasema tunaweza kuibeba mashine kwa matumaini yetu. Kwa hiyo jirani wa chini anaandika maswali nyumbani kwake, na Leonie anamsomea Vinko bila kujua majibu. Ulizaliwa Celje? Mbwa wenu aliitwa Muri? Mara nyingine anakosa. Mara nyingi zaidi anapata. Mimi niliruka, nikamkumbatia.

"Tusishangilie," akasema, uso umemkauka. "Nilishashangilia mara moja."

Akapima tena Jumamosi tatu. Ndipo akakaa chini, akaniruhusu kulia.

Sasa tunamtajia alfabeti. Kila herufi tunairudia mara nyingi, na siku ambayo majibu hayapatani tunaitupa yote. Kuna siku tunapata herufi moja, kuna siku hatupati hata hiyo. Kuna swali moja ambalo natakiwa nimwulize mume wangu kabla ya yote, nawe unalijua, ni kama anajuta kutobolewa. Naamka nalo, napika nalo. Sijathubutu. Nilipomwuliza unataka kuandika kwa nani, herufi ya kwanza aliyochagua ni R.

Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake, Dada, na akachagua R. Iliniuma, nakwambia kweli. Naogopa anachokuandikia, na naogopa kwamba kitakuwa changu pia. Kikikamilika nitakutumia kama kilivyo, sitaongeza wala kupunguza. Hilo nimemwapia kwa sauti, sikioni.

Zlatka


Maribor, 14 Juni

Roswitha,

Ile hapana ilikuwa yangu. Mliichukua. Hata ningejua, nisingeisema.

Vinko